Vidole Vikifa Ganzi Baada ya Kuumia Shingo: Mwongozo kwa Mpanda Miamba wa Nairobi

Jumatatu asubuhi, siku mbili baada ya kuanguka kwenye miamba ya Lukenya, niliepua sufuria ya chai kwa mikono mitupu kama nilivyozoea, vidole viwili kila upande. Mkono wa kushoto uliruka mara moja. Wa kulia ulikawia. Niliona ngozi ya kidole cha shahada imegeuka nyeupe kabla sijahisi moto wenyewe. Shingo ilikuwa inaniuma tangu Jumamosi nikadhani ni ya kupita, kama ile ya kulala vibaya. Kumbe kidole kilichoungua na shingo iliyokaza ulikuwa ugonjwa mmoja.

Nilianguka kwa namna ambayo wapandaji wengi wanaijua: kamba ilikuwa imepita nyuma ya mguu, nilipoachia ikanipindua kichwa chini, helmeti ikagonga mwamba na shingo ikakunjika upande. Mimi si daktari. Haya ni yale niliyofundishwa na madaktari na mtaalamu wa fiziotherapia kwa miezi minane, nimeyapanga kwa mfuatano ambao ningependa mtu angenipa siku ile ya kwanza.

Hatua ya kwanza: mkiwa bado chini ya mwamba

Aliyeanguka akilalamika shingo, au akisema mikono inamchoma, inamwasha au imekufa ganzi, mwacheni alale pale pale. Mmoja apige magoti kichwani pake, aweke viganja pande zote mbili za kichwa na kukituliza, asikivute wala kukigeuza. Helmeti ibaki isipokuwa inamzuia kupumua. Akitaka kutapika, mgeuzeni ubavu kwa pamoja, watu watatu au wanne, kichwa na kiwiliwili vikigeuka kama gogo.

Mwingine apige 999 au 112. Lukenya ni yapata kilomita 40 kutoka mjini, kando ya barabara ya Mombasa, na jiwe halina anwani, kwa hiyo tumeni mtu akasimame barabarani kuipokea ambulensi. Mkiwa Hell's Gate, wajulisheni askari wa hifadhi kwenye lango la Elsa. Najua mazoea yetu: majeruhi anakunjwa kiti cha nyuma cha Probox ili tuwahi hospitali. Tunafanya hivyo kwa upendo, lakini mfupa wa shingo uliovunjika bila kuhama unaweza kuhama njiani, kwenye tuta la kwanza tu.

Hatua ya pili: jiulize kama hili ni la leo au la wiki hii

Madaktari wa dharura wana kanuni iliyotungwa Kanada na kuchapishwa mwaka 2001, ya kuamua nani apigwe picha ya shingo baada ya ajali. Kuanguka kutoka urefu wa mita 1 au zaidi kunatosha kumpeleka mtu kwenye picha. Kugonga kichwa kwa utosi pia kunatosha, na hata kuhisi ganzi au sindano sindano mikononi au miguuni. Sasa jihesabu. Mpanda miamba aliyeanguka na vidole vikafa ganzi tayari ana sababu mbili. Kwa hiyo baada ya ajali, ganzi ya vidole hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama unatembea na kucheka na wenzako. Mimi nilingoja siku mbili, na nilikosea.

Wapo pia ambao hawakuanguka. Shingo yao imechoka polepole kwa miaka ya kumshikia kamba mwenzao anayepanda huku wakitazama juu, kisha asubuhi moja wanaamka na kidole gumba kizito. Hao wanaweza kupanga kumwona daktari ndani ya siku chache, isipokuwa wakiona mojawapo ya haya:

- ganzi au udhaifu kwenye mikono yote miwili, au miguu kuwa mizito na kuyumba;
- vidole kuwa vizembe ghafla, vifungo vya shati haviingii, funguo zinadondoka;
- mshtuko kama wa umeme unaoshuka mgongoni ukiinamisha kichwa;
- mkojo kugoma au kutoka bila kujua, choo vilevile, au ganzi kati ya mapaja;
- nguvu za mkono zinazopungua siku hadi siku;
- maumivu mapya makali ya shingo au kichwa pamoja na kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, au ulimi kuwa mzito.

Dalili tano za kwanza zinaweza kuwa ishara kwamba uti wa fahamu wenyewe, ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, umebanwa, au kwamba neva inazidi kuumia. Ya mwisho inaweza kuwa mshipa wa damu wa shingo uliochanika, ambao huleta kiharusi hata kwa kijana. Na ganzi ya mkono wa kushoto ikija na kifua kubana na jasho baridi, sahau shingo kabisa. Huo unaweza kuwa moyo. Yote haya ni ya kukimbilia hospitali hata kama ni saa nane usiku.

Hatua ya tatu: chora ramani ya ganzi

Hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu ramani hii ilimsaidia daktari wangu kuliko maelezo yangu yote.

Shingo ina pingili 7 lakini ina jozi 8 za neva. Kila neva hutoka kwenye kitundu kati ya pingili mbili, hupita begani na kushuka mkononi hadi kwenye vidole vyake. Diski, yaani mto laini ulio kati ya pingili, ikitokeza, au uvimbe baada ya mshtuko, ukiibana neva pale kwenye kitundu, ubongo hudhani habari inatoka kidoleni. Ndiyo maana watu husugua kidole, hukikanda, hukichovya kwenye maji ya moto, na hakuna kinachobadilika.

Chukua karatasi, weka kiganja juu yake, chora mzingo wake kwa kalamu. Geuza mkono, chora upande wa nyuma. Kisha fumba macho na umwombe mtu akuguse kwa pamba taratibu, kuanzia ncha ya kila kidole hadi kiwiko, mkono mzima kwanza halafu ule mbovu. Pale ambapo pamba inakuwa hafifu, weka kivuli. Andika tarehe.

Kivuli kikiwa kwenye kidole gumba na cha shahada, kikipanda upande wa gumba wa kigasha (sehemu ya mkono kati ya kifundo na kiwiko), mara nyingi ni neva ya 6. Kidole cha kati kinaelekeza kwa neva ya 7, ambayo ndiyo hubanwa mara nyingi kuliko zote. Kidole cha pete na cha mwisho, pamoja na upande wa ndani wa kigasha, huelekeza kwa neva ya 8. Mipaka si ya kisu. Watu hutofautiana, na maeneo ya neva hupandana.

Mpandaji ana shida ya ziada: neva zake zinaweza kubanwa pia kwenye kifundo cha mkono na kwenye kiwiko, kwa sababu ya kazi tunazozipa. Njia ya kutofautisha niliyofundishwa ni kumtazama shahidi mmoja, kidole cha pete. Ganzi ikikigawa nusu kwa nusu, upande mmoja unahisi na mwingine hauhisi, mshukiwa yuko mkononi: kifundo kama nusu iliyokufa iko upande wa kidole cha kati, kiwiko kama iko upande wa kidole cha mwisho. Ganzi ikikimeza chote na kuendelea juu ya kifundo hadi kwenye kigasha, mshukiwa yuko shingoni. Ukiamka usiku ukikung'uta mkono ili upate nafuu, fikiria kifundo. Ukiweka kiganja juu ya utosi na ganzi au maumivu yakapungua, fikiria shingo, kwa maana mkao huo huilegeza neva.

Usijaribu kukikandamiza kichwa chako upande mmoja ili kuona kama ganzi itaongezeka. Kipimo hicho kipo, lakini hufanywa na mtaalamu, na hakifanywi kabla ya kuhakikisha hakuna mfupa uliovunjika.

Hatua ya nne: pima nguvu, kila jioni

Ganzi inaudhi, lakini kinachomfanya daktari anyanyue kichwa ni udhaifu. Pima saa ile ile kila siku, ukilinganisha mikono miwili. Inua kifundo cha mkono juu huku mkono mwingine ukikizuia. Sukuma ukuta kwa mkono mmoja, uone kama msuli wa nyuma ya mkono wa juu unatetemeka mapema. Bana karatasi kati ya vidole viwili, mtu aivute. Mimi niliongeza mzani mdogo wa jikoni: nilibonyeza kwa ncha ya kila kidole kwa sekunde 5 na kuandika namba. Wiki ya kwanza kidole cha shahada cha kulia kilikuwa chini ya nusu ya cha kushoto. Namba hizo zilininyamazisha, kwa sababu mpaka siku ile nilikuwa najiambia mkono uko sawa, ni ganzi tu.

Namba zikishuka siku mbili mfululizo, rudi kwa daktari bila kungoja miadi.

Hatua ya tano: hospitali, na kinyozi

Mweleze daktari ulianguka vipi, kichwa kilikunjika upande gani, umbali gani. Mpe ramani. Eksirei na picha ya CT huonyesha mifupa. Diski na neva huonekana kwenye MRI. MRI si lazima kwa kila mtu mwenye ganzi, ila ajali, udhaifu, au dalili zisizopungua baada ya wiki 6 ni sababu nzuri ya kuiomba. Kabla ya kulipa, uliza kama SHA, bima ya afya ya serikali, au bima yako nyingine inahitaji kibali kwanza, kwa kuwa bei hutofautiana sana kutoka kituo hadi kituo. Kipimo cha umeme wa neva kikifanywa mapema sana hudanganya. Mabadiliko kwenye misuli huchukua takriban wiki 3 kuonekana.

Picha ikija na neno la kutisha kuhusu diski, usikate tamaa. Watu wengi wasio na maumivu yoyote wana diski zilizotokeza. Muulize daktari swali moja: je, neva iliyobanwa kwenye picha ni ile ile ya ramani yangu? Kama hazilingani, tafuteni zaidi. Nairobi tuna Hospitali ya Kenyatta, na tuna hospitali ya taifa ya rufaa ya majeraha ya uti wa mgongo pale Hurlingham, kwa wale ambao hali yao ni nzito.

Kuhusu fiziotherapia, uliza kama anayekutibu amesajiliwa na Baraza la Fiziotherapia. Ni haki yako kuuliza, na mtaalamu wa kweli hachukii.

Sasa kinyozi. Sote tunajua raha ile: umenyolewa, taulo la moto limepita usoni, mikono inakanda mabega, kisha sauti nyuma yako, "Mkubwa, tumalizie na shingo?" Kidevu kinashikwa, kichwa kinazungushwa, shingo inalia. Siku nne baada ya kuanguka nilikuwa kwenye kiti hicho, mikono tayari iko kidevuni pangu. Nilimwambia, "Hapana kaka, hiyo iache, nimeumia." Akaiacha, akanipa pole. Neva iliyobanwa au mshipa wa damu uliojeruhiwa hauwezi kustahimili kuzungushwa kwa ghafla. Mwambie kabla hujakaa.

Hatua ya sita: wiki za mwanzo nyumbani

Ukishaambiwa hakuna mfupa uliovunjika, usijilaze kitandani. Tembea. Kola ya shingo, kama umepewa, ni ya siku chache kwa kawaida, maana misuli isiyofanya kazi hunyauka. Mto wa kulalia uwe wa kujaza pengo kati ya bega na sikio ukilala ubavu. Usilale kifudifudi.

Dawa kama ibuprofen hupunguza maumivu, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asijinunulie tu dukani. Dawa za neva kama gabapentin na pregabalin huleta usingizi. Ukizitumia, usishike kamba ya mtu.

Linda vidole dhidi ya moto. Epua kwa kitambaa kila mara, pima maji ya kuoga kwa kiwiko, na ukisonga ugali shika mwiko kwa mkono unaohisi. Kwenye matatu, epuka kiti cha mwisho kabisa, pale ambapo kila tuta linakurusha. Simu inyanyuliwe hadi usawa wa macho. Saa moja na nusu ya foleni ya barabara ya Mombasa huku kidevu kimezama kifuani ilinirudisha nyuma kuliko kazi yoyote ya mikono. Bodaboda, hapana kwa sasa. Mtungi wa maji begani pia hapana.

Hatua ya saba: mazoezi, na subira

Zoezi la kwanza nililopewa lilikuwa dogo mno hata nikahisi nimedharauliwa. Kaa wima, macho mbele. Rudisha kidevu nyuma kwa usawa, kama mtu anayekwepa kunusa kitu, bila kuinamisha kichwa. Kisogo kinyooke. Shikilia sekunde 5, achia, mara 10, mara tatu kwa siku. Yule mama wa fiziotherapia aliyenitibu aliweka kidole chake kimoja kwenye kidevu changu akasema, "Polepole, mwanangu, hushindani na mtu." Baadaye yakaja ya kuvuta makombe ya mabega nyuma na chini, halafu ya kusukuma kichwa dhidi ya kiganja bila kichwa kusogea.

Alinipa pia kipimo ambacho ninakitumia hadi leo. Dalili zikipanda kutoka vidoleni kuelekea begani na shingoni, hata kama shingo inauma zaidi kidogo, unaelekea kupona. Zikishuka kuelekea vidoleni, zoezi hilo halikufai leo.

Watu wengi wenye neva iliyobanwa shingoni hupata nafuu bila kupasuliwa, ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache. Maumivu kwa kawaida hutangulia kuondoka, ganzi hubaki nyuma. Nyuzi za neva zikiwa zimekatika ndani, hukua upya kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka shingoni hadi ncha ya kidole ni safari ndefu. Upasuaji huzungumzwa pale uti wa fahamu unapobanwa, nguvu zinapopungua, au maumivu makali yanapokataa kuondoka baada ya matibabu kamili.

Hatua ya nane: kurudi kwenye mwamba

Usirudi kwa sababu ganzi imepungua. Rudi kwa sababu daktari amekubali, shingo inageuka pande zote bila kuwasha mkono, na namba za mzani za mikono miwili zinakaribiana. Mimi nilingoja hadi tofauti ikawa ndogo sana, ikakaa hivyo wiki 2.

Anza na kamba iliyofungwa juu, njia rahisi zenye mwinuko wa kulala, miguu ikibeba uzito. Mawe mafupi yasiyo na kamba yaje mwisho kabisa, hata kama yanaonekana mepesi, kwa sababu kila kuanguka juu ya godoro ni pigo la shingo. Kuongoza kamba, yaani kupanda wa kwanza ukiipandisha kamba, nako kungoje.

Kidole kisichohisi vizuri hushika kupita kiasi. Hakijui kimeshika kwa nguvu gani, basi kinabana tu, na hapo ndipo kano na mikanda inayoishikilia kwenye mfupa huchanika. Shika vishikio vikubwa kwa kiganja kizima. Kingo nyembamba za kushikwa kwa ncha za vidole ziache kwa miezi.

Kushika kamba ya mwenzako ni jambo zito zaidi, na hapa sitaki kupunguza neno. Shingo iliyokunjwa kutazama juu kwa nusu saa ndiyo mkao unaoibana neva, na mkono wa breki, ule unaoizuia kamba isikimbie, ndio mkono unaopoteza hisia. Miwani ya prizimu hukuwezesha kumwona aliye juu huku ukitazama mbele, inafaa sana. Tumia kifaa kinachosaidia kufunga kamba, lakini kisikufanye uachie mkono wa breki. Kama huwezi kutofautisha kamba na shati kwa kugusa ukiwa umefumba macho, usimshikie mtu kamba siku hiyo. Mwambie mapema, asikute habari hiyo akiwa tayari amejifunga. Fundo lako likague kwa macho, kisha mwenzako alishike kwa mkono wake na kulisema kwa sauti.

Wanaokwenda Mlima Kenya wana jambo moja zaidi. Dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, acetazolamide, huleta sindano sindano kwenye vidole hata kwa mtu mwenye afya njema. Ukiinywa huku shingo yako bado inapona, hutajua ni dawa au ni neva. Ijaribu mapema ukiwa nyumbani na umwulize daktari. Na kwenye baridi ya Nelion, kilele cha mlima huo chenye mita 5,188, kidole ambacho hakihisi hakitakuambia kinaganda. Kitazame rangi yake kila mnapopumzika.

Baada ya kila siku ya kupanda, kesho yake asubuhi rudia pamba na mzani kabla ya chai. Kivuli kikiwa kimekua, rudi hatua moja nyuma kwa wiki nzima. Mwezi wa nane sasa tangu nianguke, ramani yangu imebaki na kivuli kimoja, ukubwa wa punje ya mahindi, kwenye ncha ya kidole cha shahada. Jumamosi iliyopita Lukenya, mwenzangu alishika fundo langu, akalivuta mara mbili, kisha akauliza kama anavyouliza kila mara siku hizi: "Kidole kinasemaje leo?" Nikambonyeza kiganjani kwa kidole hicho, akakubali, nikaanza kupanda.